Njia mbili zilizokamilika, njia tatu au njia nne? Ulinganisho kwa wanaopanga kupanua barabara ya kitongoji

Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 4.36. Ya 2022 ikaikuta na milioni 5.38. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imekwenda pembezoni: Goba, Madale, Bunju, Kivule, Chanika, Kigamboni. Huko nyumba hutangulia, barabara hufuata kwa kuchelewa, na inapofika huwa lami ya mita sita isiyo na njia ya miguu wala kituo cha daladala kilichoingia pembeni. Miaka michache baadaye foleni inaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kikao cha kata kinatoka na ombi moja: tunataka njia nne.

Makala hii inalinganisha njia nne na chaguo nyingine tatu, kwa ajili ya diwani, mwenyekiti wa mtaa, kamati ya wakazi na mhandisi wa halmashauri wanaopaswa kusaini kitu. Msimamo wetu tunauweka mezani tangu sasa: barabara nyingi za kitongoji hunufaika zaidi na njia mbili zilizokamilika, au tatu, kuliko nne, mradi ardhi ya kuzipanua baadaye ilindwe leo.

Foleni inazaliwa wapi

Njia moja ya lami iliyo wazi hupitisha takriban magari 1,800 kwa saa. Ikikutana na taa zinazoipa kijani nusu ya muda, inabaki na 900. Sasa weka kituo cha daladala kisicho na eneo lake pembeni. Daladala 60 kwa saa, kila moja ikisimama sekunde 30 juu ya njia ya kupita, ni sekunde 1,800: nusu ya kila saa njia imefungwa. Hata kama nyingine husimama kwa pamoja na hasara ikapungua, bado kituo kimoja kimekula sawa na taa za barabarani.

Ongeza na gari linalosubiri kukata kulia kuingia mtaani. Likisubiri sekunde 20 hadi lipate mwanya, magari yote ya nyuma yanasubiri nalo, na kwenye barabara yenye mtaa kila mita 80 hilo hutokea sehemu nyingi kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana kuongeza njia bila kugusa vituo na makutano hukatisha tamaa. Njia ya kushoto inageuka kituo cha daladala, kijiwe cha bodaboda na maegesho ya wateja wa maduka. Ya kulia inageuka ya wanaosubiri kukata kona. Umelipia njia nne, umepata mbili, na zile mbili sasa zinabadilishana magari kila mita hamsini, jambo linaloleta ajali za kugongana ubavuni.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, hesabu. Siku saba mfululizo, kwa muda wa saa 12 kila siku, na angalau siku mbili kati ya hizo kwa saa 24. Epuka wiki ya sikukuu na likizo za shule. Andika kwa aina: bodaboda, bajaji, gari dogo, daladala, lori la ekseli mbili, lori la ekseli tatu na zaidi. Kisha simama kwenye makutano matatu makubwa saa za asubuhi na jioni uhesabu wanaokata kulia, wanaokata kushoto na wanaovuka kwa miguu. Hesabu ya katikati ya barabara peke yake itakudanganya, maana kule magari yanapita vizuri.

Ukuaji nao una hesabu rahisi: gawa 70 kwa asilimia ya ongezeko la mwaka. Magari yakiongezeka kwa asilimia 7, yatakuwa maradufu baada ya miaka 10. Kwa asilimia 5 ni miaka 14. Barabara inayopita magari 8,000 kwa siku leo itafikia 16,000 ndani ya muda huo, na hiyo ndiyo tarakimu ya kuchagulia.

Kwa jicho moja

| | Njia mbili zilizokamilika | Njia tatu, ya kati ya kukatia kona | Njia nne zenye kisiwa cha kati |
|---|---|---|---|
| Sehemu ya magari | m 6.5 | m 10 | m 13, na kisiwa m 2 |
| Upana wote pamoja na mitaro na njia za miguu | m 15.5 | m 17 | m 22 |
| Magari kwa siku (makisio ya kupangia) | hadi 12,000–15,000 | hadi 20,000 hivi | zaidi ya 20,000 |
| Muda wa kuvuka kwa miguu | sekunde 5–6 | sekunde 8, au mara mbili fupi penye kisiwa | sekunde 11, au mara mbili fupi kupitia kisiwa |
| Kukata kulia | kwenye makutano yaliyotengewa nafasi | karibu kila mtaa | kwenye matundu ya kisiwa tu |
| Kinachoiharibu mara nyingi | vituo vifupi, mabega kuvamiwa | njia ya kati kutumiwa kulipita gari la mbele | mwendo mkali, kuishia kwenye makutano membamba |

Upana huo umejumuisha njia za miguu za mita 2 kila upande na mtaro wa mita 1 kila upande. Chaguo la kwanza lina mabega ya lami (kanda za kando ya njia) ya mita 1.5, mengine mawili yana ukanda wa nusu mita kando ya mawe ya ukingo. Kwenye vituo vya daladala ongeza mita 3 upande husika.

Njia mbili zilizokamilika

Neno zito hapa ni "zilizokamilika". Mita 6.5 za lami bila kitu kingine si chaguo hili. Hiyo ni barabara iliyoachwa njiani.

Kituo ndicho kitu cha kwanza. Coaster ina urefu wa karibu mita 7, na ukiacha nafasi ya kutoka inahitaji mita 9. Kituo cha Coaster tatu kinataka mita 27 zilizonyooka, na mita 15 za kuingilia na nyingine 15 za kutokea kwa mshazari: jumla mita 57. Michoro mingi hutoa mita 30 kwa jumla. Matokeo yake dereva anaingiza pua tu, mkia unabaki barabarani, na foleni ni ileile. Weka kituo baada ya makutano na baada ya kivuko cha miguu, ili abiria aliyeshuka avuke nyuma ya gari, mahali anapoonekana.

Pili, mifuko ya kukatia kulia, yaani nafasi fupi za kusubiria nje ya njia ya kupita, kwenye makutano makubwa. Mfuko wa magari matano unataka mita 35 kwa upana wa mita 3, na mita 30 za kupanuka taratibu kabla yake. Makutano matatu ya namna hii kwenye barabara ya kilomita tano hurudisha uhai kuliko kilomita nzima ya njia ya ziada.

Tatu, mabega na njia ya miguu. Bega la mita 1.5 lenye lami hubeba baiskeli, bodaboda za mwendo mdogo na gari lililoharibika. Njia ya miguu iinuliwe sentimita 15 kwa mawe ya ukingo, la sivyo bodaboda zitaimiliki. Na nguzo za umeme zisibaki katikati yake. Mita 2 zenye nguzo katikati ni sentimita 80 kila upande, na mama mwenye beseni kichwani atarudi barabarani.

Chaguo hili hushindwa pale mabega yanapogeuka genge. Meza za nyanya na vibanda vya chipsi havitokei kwa utundu, vinafuata abiria. Ukitenga eneo la biashara nyuma ya kila kituo, mita 20 kwa 6 hivi, lenye maji na taa, bega linabaki salama. Bila hilo, mgambo watapita, na siku tatu baadaye meza zitarudi.

Njia tatu

Hii haizungumzwi vya kutosha kwetu, na inastahili. Ni njia moja kila upande na ya tatu katikati, mita 3.5, ambayo ni ya kusubiria kukata kulia tu, kutoka pande zote mbili. Aliye nyuma hakusubiri tena. Inafaa hasa barabara yenye mageti na mitaa mingi midogo, kila mita 50 hadi 100, ambako huwezi kujenga mfuko kwa kila mmoja.

Marekani, ambako miji mingi imebadilisha barabara za njia nne zisizo na kisiwa kuwa za njia tatu, mamlaka ya shirikisho ya barabara kuu imeripoti kwamba ajali hupungua kwa kati ya asilimia 19 na 47. Si kwamba tatu ina uchawi. Nne zisizo na kisiwa huchanganya aliyesimama kukata kona na aliye mwendo kasi katika njia moja, na tatu inawatenganisha.

Hatari yake inajulikana: daladala itaichukua njia ya kati kulipita gari la mbele, na itakutana uso kwa uso na anayekata kona kutoka upande wa pili. Rangi peke yake haizuii jambo hilo. Jenga visiwa vya zege vya mita 2 kwa upana kila mita 150 hadi 200, vyenye mabango na viakisi mwanga, na viwe ndivyo vivuko vya miguu. Kisiwa kinafanya kazi mbili: kinakata mbio za anayetaka kupita, na kinampa mvukaji mahali pa kusimama. Kama bajeti haina visiwa, usichague njia tatu.

Njia nne

Njia nne ni sahihi pale barabara inapopitisha safari ndefu zisizo za wakazi, inapounganisha barabara kuu mbili, au hesabu inapoonyesha zaidi ya magari 20,000 kwa siku ndani ya muda wa usanifu, yaani miaka ambayo barabara inakusudiwa kuhudumu. Hapo usisite, na usijenge bila kisiwa cha kati kilichoinuliwa.

Lakini pima gharama yake kwa watu wa miguu. Mtu mzima hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Kuvuka mita 13 kunamchukua sekunde 11, na gari la kilomita 50 kwa saa linakuwa limesafiri mita 153. Kwenye njia mbili za mita 6.5 ni mita 75 tu. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kukadiria gari lililo mita 150. Hatari nyingine kubwa ni ile ya gari la njia ya kushoto kusimama kwa hisani, na la njia ya kulia kupita bila kumwona anayetokea mbele ya lile lililosimama. Dawa ni kisiwa cha mita 2, ambacho baiskeli inatosha kusimama juu yake bila tairi kutokeza, na kivuko kilichoinuliwa sentimita 7.5 hadi 10, chenye uso bapa wa mita 3 au 4. Mbele ya shule, zahanati, msikiti, kanisa na soko, kivuko cha aina hiyo ni sehemu ya barabara. Kisiandikwe kwenye orodha ya nyongeza zitakazokatwa fedha zikipungua.

Matundu ya kugeuzia yakiwa mbali sana, kila kilomita moja kwa mfano, bodaboda na bajaji zitapita upande usio wao ili kufupisha. Mita 400 hivi ni umbali unaostahimilika.

Kosa kubwa kuliko yote ni mwisho wa barabara. Njia nne za kilomita tano zinazomwaga magari kwenye makutano yenye njia moja ya kuingilia hazimalizi foleni. Zinaihamisha na kuirefusha, kwa sababu sasa magari yanafika mengi kwa mkupuo. Fedha zikiwa za awamu, anzeni na makutano ya mwisho, kisha rudini nyuma. Kipilefti cha njia moja huweza kuhudumia magari 20,000 hadi 25,000 kwa siku kutoka pande zote, hakihitaji umeme, na hupunguza ajali za vifo kwa sababu hakuna anayepita kwa kasi. Kinataka kipenyo cha mita 30 hadi 40, kwa hiyo kona zilindwe mapema. Taa ni bora pale mkondo mmoja unapozidi mingine kwa mbali, maana kwenye kipilefti mkondo huo hauwapi wengine mwanya.

Chaguo lisiloombwa: barabara sambamba

Tazama ramani ya kitongoji chochote kilichojipanga chenyewe. Mitaa mingi inaishia korongoni. Anayetoka mtaa mmoja kwenda shule iliyo mita 600 ng'ambo ya bonde analazimika kutoka hadi barabara ya lami, kusafiri kilomita mbili na kurudi ndani. Safari hizo fupi ndizo zinazojaza barabara kuu ya kitongoji.

Kalvati moja la sanduku na mita 400 za pevingi za upana wa mita 5.5 zinaweza kuondoa safari hizo zote. Hakuna chaguo lingine katika makala hii linaloongeza uwezo bila kuvunja ukuta wa mtu, na ndilo la kwanza kuulizia.

Ardhi: hapa ndipo bei inapoamuliwa

Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Kabla yake ilikuwa 45, yaani 22.5 kila upande. Hapo ndipo ilipotoka tofauti ya rangi ambayo wakazi wengi wanaijua: X nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi, asiyelipwa, na X ya kijani kwa aliyekutwa na nyongeza, anayestahili fidia. Barabara za wilaya zilizo chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, zina hifadhi nyembamba zaidi, na kwenye maeneo yasiyopimwa mara nyingi hifadhi iko kwenye karatasi tu.

Mwaka 2015 fedha zilizotengwa kwa sherehe za Uhuru, shilingi bilioni 4, zilielekezwa kupanua kilomita 4.3 za barabara ya Morocco–Mwenge jijini Dar es Salaam, na kazi ikaanza mara moja. Kilomita 19.2 za Kimara–Kibaha zilitanguliwa na bomoabomoa ya 2017. Ukipita barabara zote mbili leo unaona lami, lakini kilichozitofautisha ni nani alikuwa amesimama pembeni siku mkandarasi anafika.

Kanuni za fidia za 2001 hazihesabu nyumba peke yake. Kuna thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri wa tani 12 ndani ya kilomita 20, posho ya makazi sawa na kodi ya miezi 36, na kwa mfanyabiashara faida halisi ya miezi 36. Mwenye duka asiyetunza hesabu hupoteza kipengele hicho cha mwisho, na hili ni jambo serikali ya mtaa inaweza kuwaonya watu miaka kabla. Kwa mpangaji wa barabara maana yake ni kwamba ukuta unaohamishwa mita mbili ni gharama ndogo, fremu ya duka ni kubwa, na nyumba ya kuishi ni kubwa zaidi. Mita 15.5 mara nyingi zinagusa kuta. Mita 22 zinaingia vyumbani.

Ndiyo maana tunashauri: jenga mbili au tatu, lakini panda mawe ya mpaka ya upana wa nne leo, na halmashauri isitoe kibali cha kujenga ndani yake. Jiwe la mpaka ni rahisi kuliko fidia yoyote.

Kupanua upande mmoja au pande zote mbili?

Hili huamuliwa mezani kwa haraka, na ndilo linalozaa nyufa.

Kupanua pande zote kunaonekana haki: kila mtu anapoteza kidogo. Lakini ukiongeza mita 1.5 kila upande unapata kanda mbili nyembamba, na shindilia kubwa ina ngoma ya mita 2.1 hivi. Haiingii. Mkandarasi analeta mashine ndogo ya mkono, udongo unashindiliwa juu juu, na baada ya masika mbili ukanda mpya unatitia na kuachana na lami ya zamani kwa mstari mrefu ulionyooka. Kama ni lazima pande zote, chimba hadi upana wa mita 2.5 kwa kuingia ndani ya barabara ya zamani, ili mashine kubwa ifanye kazi.

Kupanua upande mmoja kunatoa ukanda mpana, kiungo kimoja, na mtaro, bomba na nguzo za upande mmoja tu za kuhamisha. Kasoro yake ya kiufundi ni mgongo wa barabara. Lami huinama asilimia 2.5 kutoka katikati kwenda kando. Ukisogeza katikati kwa mita 2, lazima ujaze hadi milimita 100 ili mgongo mpya ukae mahali pake, na ujazo huo uwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Ukiachwa, maji yatasimama katikati ya njia. Kasoro ya kijamii ni kwamba upande mmoja unabeba mzigo wote, kwa hiyo elezeni kwa uwazi kwa nini upande huo.

Kwa vyovyote vile, ukingo wa zamani ukatwe kwa ngazi, kila tabaka jipya likilalia hatua ya sentimita 30 au zaidi ndani ya la zamani. Kiungo cha juu kisiangukie mahali tairi zinapopita. Kiwe kwenye mstari wa njia. Na tabaka jipya lisiwe zuio la maji. Barabara ya zamani yenye kifusi kinachopitisha maji, ikizungukwa na ukanda mpya wa udongo uliochanganywa na saruji, inakuwa beseni. Maji yaliyoingia hayana pa kutokea, na lami ya zamani, ile iliyokuwa nzima, ndiyo inayoanza kuoza.

Uso wa barabara

Kitongoji kinachokua ni kitongoji kinachojengwa, na kila nyumba inaletewa mchanga, kokoto, tofali na boza la maji. Ekseli ya kipimo ni tani 8.16, na uharibifu hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito: ekseli ya tani 10 inaumiza mara 2.3, ya tani 13 iliyozidishiwa mchanga mara 6.4. Ekseli ya gari dogo haifiki hata sehemu moja kwa elfu kumi. Anayesanifu kwa kuangalia wingi wa magari madogo na kusahau tipa za mchanga amejenga barabara ya miaka mitatu.

Lami nyepesi, ile ya kupulizia na kumwaga kokoto mara mbili, kwa kawaida milimita 14 kisha 7, ni koti la mvua. Haiongezi nguvu, nguvu yote iko kwenye msingi. Ni nafuu na inafaa mitaa ya ndani, lakini hunyofoka penye kona kali, vilima na vituo ambako magari yanafunga breki. Lami nzito ya milimita 50 inastahimili zaidi. Kwa kilomita moja ya upana wa mita 7 ni mita za ujazo 350, karibu tani 840. Hufeli kwa kumwagwa ikiwa imepoa, kwa hiyo msimamizi awe na kipimajoto kwenye kila lori, na mzigo unaotakiwa kumwagwa kwa nyuzi 140 hadi 160 urudishwe ukishuka chini ya hapo.

Zege tungeliweka mahali pachache: ndani ya vituo vya daladala na kwenye makutano ya malori, ambako mafuta yanayovuja na uzito uliosimama huiyeyusha lami. Njia za mwendokasi zimejengwa kwa zege kwa sababu hiyohiyo ya uzito wa mabasi. Ubaya wake ni siku bomba la maji linapopasuka chini yake.

Pevingi ndizo rafiki wa mtaa wa ndani. Milimita 80 kwa magari, 60 kwa njia ya miguu, juu ya mchanga wa milimita 30, zikipangwa kwa mtindo wa mfupa wa samaki, na mawe ya ukingo pande zote yaliyosimikwa kwa zege. Za sentimita 10 kwa 20 huenda 50 kwa mita ya mraba. Bomba likipasuka zinang'olewa na kurudishwa. Hufeli kwa jambo moja zaidi ya yote: ukingo dhaifu. Tofali la kando likisogea, mchanga unatoka na mtaa mzima unafunguka.

Mtaro kabla ya lami

Kila mita ya upana unayoongeza inafunika mchanga uliokuwa unakunywa maji. Mita 7 za ziada kwa kilomita moja, mvua ya milimita 50 kwa saa, ni mita za ujazo 350 za maji ndani ya saa hiyo, na mtaro wa zamani haukuwa umeyategemea. Mtaro unasanifiwa kuanzia unakoishia. Tafuta mto, bonde au mfereji utakaopokea, pata idhini ya wenye ardhi unakopita, ndipo urudi barabarani na mteremko usiopungua asilimia 0.5. Mtaro usio na mwisho unaishia sebuleni kwa mtu.

Makalvati yasipungue kipenyo cha milimita 900, si kwa sababu ya maji tu, bali ili mtu aweze kuingia kuzoa mchanga na taka. Mitaro iliyofunikwa iwe na vifuniko vya zege ambavyo watu wawili wanaweza kuviinua, kila mita chache. Kifuniko kisichoinuka ni mtaro usiosafishwa.

Mabomba ya maji, nguzo za umeme na nyaya za simu vihamishwe kabla ya kijiko kuanza, na mabomba matupu ya akiba ya milimita 110 yapitishwe chini ya barabara kila mita 200, na kwenye makutano yote. Mwaka unaofuata mtu ataomba kukata lami apitishe maji. Bomba la akiba ndilo jibu lake.

Tabaka za msingi ziwe za milimita 150, zishindiliwe hadi asilimia 98 ya kipimo cha maabara, na kipimo kichukuliwe kwenye ukanda mpya wa pembeni. Ndiko kunakofeli, na ndiko wapimaji wasikopenda kwenda kwa kuwa nafasi ni finyu. Muda wa uangalizi wa mkandarasi mara nyingi ni miezi 12. Pangeni makabidhiano ili masika nzima, Machi hadi Mei, iangukie ndani yake. Katika wiki ya mwisho ya Mei, tembeeni barabara yote kwa miguu mkiwa na rangi ya kupulizia, mkiweka alama kila mahali kiungo kimefunguka, kila mtaro wenye maji yaliyosimama na kila kituo ambacho mkia wa Coaster unabaki nje, kisha orodha hiyo ipelekwe kwa maandishi kabla mkandarasi hajalipwa fedha ya mwisho iliyozuiliwa.